Makopo Manne ya Kuona Mgonjwa

Harufu ndiyo iliyoniambia. Nilikuwa napiga pasi kola ya shati la kwaya, kwa pasi ya makala, ile nzito niliyoachiwa na marehemu baba, na pua ikaniletea harufu ya kitu kinachoungua ambacho hakikuwa kitambaa. Nikatazama chini. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimelala chini ya ukingo wa pasi, kimetulia, kama mgeni aliyepata kivuli. Nikakivuta. Ngozi ikabaki kwenye chuma, na kutoka ndani nikawasikia wakisema jirani anachoma nyama. Sikulia, kwa sababu hakukuwa na maumivu ya kuniliza, na hapo ndipo nilipokasirika. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na sina haraka ya kuimaliza.

Naitwa Laurette. Ni fundi cherehani, mtaa wa Kataki, hapa Kalemie. Wengine wana nyavu, wengine wana mashamba ya mihogo upande wa Bendera. Mimi nina vidole kumi na cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu. Sasa mwambie fundi kwamba vidole vyake havisikii sindano. Ni sawasawa na kumwambia mvuvi kwamba ziwa limehamia Kigoma.

Nina kifafa tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nakitaja mapema kwa sababu mjini hapa watu hupenda kukisikia kwa jirani, kwa sauti ya chini, mkono umefunika mdomo. Ninameza fenobarbitali, kidonge kimoja kila jioni baada ya chakula, na kidonge hicho kilikuwa kimenipa miaka mitatu bila kuanguka. Miaka mitatu! Ambaye hajawahi kuzinduka akiwa chini, amezungukwa na watu wanaoogopa kumgusa, hawezi kujua miaka mitatu ni nini.

Wa kwanza kunigusa alikuwa Mama Hélène, mwalimu wangu wa kushona. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoangukia ndani ya atelye yake, chumba cha kushonea, katikati ya mikasi. Wasichana wenzangu walikimbilia nje, maana wamefundishwa tangu utoto kwamba ukigusa mapovu ya mtu wa kifafa, nawe unakipata. Ujinga mtupu, lakini una nguvu kuliko sheria. Mama Hélène peke yake ndiye aliyebaki. Alisogeza mikasi, akanilaza ubavu, akakunja sketi mpya ya mteja akaniwekea chini ya kichwa, akangoja. Nilipopata fahamu aliniambia tu: "Haya, tulikuwa kwenye zipu." Sikuulizwa kitu kingine, wala sikufukuzwa. Hata cherehani ninayoshonea ni yake. Alinipa mwenyewe alipopigwa na kiharusi, Krismasi ya mwaka juzi, mkono na mguu wake wa kushoto vikalegea.

Mwezi wa pili mwaka huu nikashikwa na malaria. Si kifafa. Malaria tu, ya kawaida, ile inayompata hata askofu. Nikalala wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kwetu hakuna anayekwenda kuona mgonjwa mikono mitupu. Zamani walileta ndizi, sukari, samaki wa kukaanga. Siku hizi samaki ameonekana kuwa kitu cha washamba, na wageni wanaleta vitamini. Kaka yangu Edmond alileta kopo la bluu lenye picha ya ubongo unaotoa miale. Shangazi Syntiche akaleta la kijani. Wamama wa kanisa, kwa kuwa wana vikundi viwili visivyopatana, wakaleta mekundu mawili, kila kikundi na lake, na kila kikundi kikakaa kutazama nitafungua la nani kwanza. Hayo mekundu nayo yalitoka kwa Edmond. Ndiye anayewauzia wamama hao mlangoni mwa kanisa. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, kwa lugha ambazo mimi na mama hatuzisomi. Alichojua kila mtu ni kwamba vitamini ni nguvu, na kwamba nguvu haizidi.

Na kukataa? Ukikataa kitu ulicholetewa ukiwa kitandani, umemwambia aliyekileta, mbele ya watu, kwamba yeye ni mchawi. Basi nikameza. Bluu mbili, kijani moja, nyekundu tatu, na shukrani juu yake. Mgonjwa haulizwi uji, wakubwa ndivyo wasemavyo, na mimi kweli sikuulizwa. Malaria iliisha, makopo hayakuisha. Moja likikaribia kwisha, jingine limefika. Shangazi alikuwa akipita kila Jumamosi, analichukua kopo lake, analitikisa sikioni asikie vidonge vimebaki vingapi.

"Unameza, mutoto?"

"Ninameza, tantine."

Kopo jekundu la pili nililipeleka kwa Mama Hélène nilipokwenda kumjulia hali. Naye ni mgonjwa, na mimi nisingeweza kumwendea mikono mitupu.

Mwezi wa nne sisimizi wakaanza. Walianzia kwenye vidole vya miguu, wanatambaa ndani ya ngozi, ukijikuna hawatoki. Baada yao ukaja moto chini ya nyayo, na baada ya moto ganzi. Siku moja nilitoka sokoni nikafika nyumbani na kandambili moja. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, nami nikacheka naye. Ile nyingine ilinivuka njiani na mguu wangu haukuniarifu.

Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi hakunyanyua uso kutoka kwenye simu yake.

"Mishipa imechoka," akasema. "Kifafa njo inakula mishipa. Ongeza vitamini ya mishipa."

Akaniandikia kopo la nne, lenye kifuniko cha dhahabu, mara tatu kwa siku. Dawa ya moto ni moto, husema watu. Huyu alileta petroli, na mimi nikamwambia asante.

Kadiri nilivyomeza, ganzi ilipanda. Ikafika magotini, ikaruka, ikashika vidole vya mikono. Kutia uzi kwenye tundu la sindano, kazi niliyokuwa nikiifanya huku napiga soga, ikawa ya robo saa na matusi. Nilikuwa nikishona kwa macho tu. Nikitazama pembeni, sindano inaingia popote inapotaka. Kisha mwezi wa sita ikaja ile pasi.

Mwezi wa saba nikaanguka. Nilianguka mbele ya mteja, mama wa bibi harusi, gauni la binti yake likiwa kwenye cherehani. Nilipozinduka nilikuwa peke yangu na gauni, mlango umeachwa wazi. Miaka yangu mitatu ilikuwa imemwagika, na sikujua ni nani aliyeimwaga.

Jioni ileile Edmond, yaya wangu, yaani kaka mkubwa, akachukua ufunguo wa atelye.

"Ni kwa usalama wako," akasema.

Edmond alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku hizi anavaa tai katika joto la Kalemie na anawaita watu "washirika". Atelye yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya baba, kinachotazama barabara, na kwa muda mrefu alikuwa akikimezea mate ili akutane humo na washirika wake. Mama alikuwa na hofu yake ya kweli, hiyo simlaumu. "Utaangukia juu ya pasi, Laurette," aliniambia. "Miye siwezi kukuzika." Wakakubaliana kwamba Jumapili jamaa wakutane, na mimi nipelekwe Kirungu kwa bibi, kule milimani, kwenye baridi nzuri, nikae nichambue maharagwe. Kwa vidole visivyosikia maharagwe!

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo nilikwenda hospitali kuchukua fenobarbitali yangu. Anayezitoa siku zote hakuwepo. Mezani alikaa daktari mwanamke, Docta Myriam, mwembamba, wa maneno machache. Alisoma karatasi yangu, akasikiliza habari ya ganzi na ya kuanguka, akatazama kidole kilichoungua, kisha akauliza swali ambalo kwa miezi mitano hakuna kiumbe aliyeniuliza.

"Zaidi ya hii, unamezaka nini ingine?"

"Hapana kitu, Docta."

"Hata kitu kimoja?"

"Vitamini tu."

"Vitamini gani?"

"Zile za nguvu. Vitamini si dawa, Docta."

Akaweka kalamu chini. "Nani alikuambia vitamini si dawa? Nenda ulete yote. Hata ile unaona haina maana. Nitakungojea."

Taksi-moto, pikipiki ya abiria, ikanipeleka na kunirudisha. Makopo manne nilikuwa nimeyabeba ndani ya kitenge, liputa langu, nimeyafunga kifuani kama mtoto mchanga. Docta Myriam akayapanga mezani, akavaa miwani, akayageuza moja baada ya jingine. Kwenye kila kopo alitafuta mstari mmoja, akauwekea ukucha, akaniuliza ninameza vingapi na aliyenipa alisema nini.

"B6," akasema. La pili: "B6." La tatu: "B6." La nne hakulisema, alilisukuma tu kando.

"Majina ine, kitu kimoja," akasema. "Mwili unahitaji B6 kidogo sana, haifiki miligramu mbili kwa siku. Samaki na ndizi zinakupatia. Weye..." akaandika, akajumlisha, akanigeuzia karatasi nione mwenyewe. "Elfu moja, mia moja na hamsini. Kila siku."

"Lakini ni vitamini ya mishipa," nikasema, nikijisikia mjinga kabla sijamaliza.

"Ndiyo. Kidogo inalisha mishipa. Ikizidi hivi, inaiharibu. Inaanzia miguu, inapanda mikono. Na inapunguza fenobarbitali ndani ya damu, pengine njo maana umeanguka. Muguzi aliona ganzi akasema ni kifafa. Ile ganzi haikutoka kwa kifafa."

Akaniambia nivue viatu na nifumbe macho. Akafungua sindano mpya. "Utaniambia nikikugusa," akasema. Nikangoja. Nikasikia feni inalia juu, nikasikia mtoto anakohoa kwenye korido. Nikangoja tena, nikadhani ameitwa na mtu.

"Docta, anza basi," nikasema.

Nikafumbua macho. Ncha ya sindano ilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu wangu, imebonyeza mpaka ngozi imeingia ndani.

"Itarudi?" nikauliza.

"Ukiacha haya yote leo, inaweza kurudi. Polepole, miezi, pengine mwaka. Pengine haitarudi yote, sitakudanganya. Lakini fenobarbitali usiiache hata siku moja, sikia vizuri. Ukiikata gafula utaanguka vibaya kuliko mwanzo. Na tangu leo, chochote kinaingia kinywani mwako, hata wakikuambia ni majani tu, nikione kwanza."

Nikamwomba aniandikie yote kwa wino, pamoja na ile hesabu, na muhuri. Akaandika.

Nilirudi kwa miguu, nikiitazama kila hatua, kupitia barabara ya ziwani ambako maji yaliyopanda yaliacha maduka yamesimama na alama ya tope kifuani. Miezi minne nilikuwa nauomba msamaha mwili wangu. Miezi minne nilikuwa naulaumu ubongo wangu, mwenzangu huyu niliyeishi naye kwa shida, kwamba amenisaliti tena. Naye hakufanya kitu! Kikulacho ki nguoni mwako, ndio; changu kililetwa kimefungwa utepe, na aliyekileta akaketi pembeni yangu akaomba dua. Nilimkasirikia Edmond, nikamkasirikia shangazi na sikio lake, nikamkasirikia yule muuguzi na simu yake. Nilijikasirikia pia kidogo, lakini hiyo niliiweka kando, nikasema nitaishughulikia baadaye.

Jumapili wakaja baada ya ibada. Wajomba wawili, shangazi Syntiche, mama, na Edmond na tai yake. Ufunguo wa atelye aliuweka mezani mbele yake, karibu na chupa za soda, kama hakimu. Akafungua kikao kwa sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa milima ya Kirungu.

Alipofika amina nikasimama, nikayaweka makopo manne katikati ya meza. Nikasoma karatasi ya daktari tangu juu mpaka kwenye muhuri. Nikasoma hesabu mara mbili. Nikawaonyesha kidole.

"Ile harufu mulisema ni ya nyama ya jirani," nikawaambia. "Ilikuwa ni miye."

Edmond akacheka kwa pua. "Docta! Docta wote wanachukia vitamini. Watu wakipona, wao watakula nini?" Mjomba mmoja akacheka pia, kisha akaona uso wangu, akanywa soda.

"Yaya," nikasema, "weye ulikuwa mwalimu. Unajua kusoma. Ulisoma hata siku moja kile unauza?"

"Nilikuletea kwa mapendo!"

"Sikuuliza mapendo. Niliuliza kama ulisoma."

"Unanivunjia heshima mbele ya wajomba?"

"Heshima yako iko na maungo yote. Yangu imekufa ganzi mpaka magoti!"

Nilikuwa napiga kelele, nakiri. Majirani walikuwa wamenyamaza kutusikiliza, na mimi nikaongeza sauti ili wasisumbuke. Nikawaambia: mlinikataza nisishone ili nisiungue, na nyinyi ndio mlioniunguza. Nikawaambia: mliogopa mapovu yangu miaka ishirini na hayajamdhuru hata kuku, lakini zawadi zenu zimenila vidole. Shangazi Syntiche alinyoosha mkono, kwa mazoea tu, akalichukua kopo la kijani, akaanza kulipeleka sikioni. Katikati ya njia akakumbuka. Akalirudisha mezani taratibu sana, akaficha mkono ndani ya liputa.

"Mungu wangu," akasema. "Na kila Jumamosi nilikuwa nahakikisha."

Mama alisimama, akazunguka meza, akauchukua ufunguo mbele ya Edmond bila kumwomba. Akanishika mkono wangu wa kushoto, akauweka ufunguo kiganjani, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu yake, kwa sababu alikuwa ameelewa kwamba nisingejua kama umeanguka.

"Kirungu hapana," akawaambia wajomba. "Atashona hapa. Pasi nitapiga miye."

Nilikuwa nimeshinda. Nataka ijulikane kwamba nilishinda, na kwamba kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi nilikuwa na furaha mbaya ya mtu aliyemkanyaga mwenziwe.

Edmond akasimama. Tai ilikuwa imempinda. "Sawa," akasema. "Basi Laurette ni mwenye haki. Muulizeni kitu kimoja tu. Mama Hélène kule Lubuye, ile nyekundu alipelekewa na nani? Na miye? Ile ya kwanza hapana. Kila mwezi ninamupelekea kopo mupya, na kila mwezi ananiambia: 'Laurette njo alinionyesha, tatu kwa siku, usiruke hata moja.' Kama ninaua watu, sema tuko wawili."

Mjomba aliweka chupa chini. Nami nilikuwa bado nimeushika ufunguo. Nilikuwa nimesahau. Tangu mwezi wa tano sikuwa nimekwenda kwake, kwa ajili ya miguu, na kwa aibu ya kumwonyesha mishono yangu iliyopinda. Alhamisi nzima, Ijumaa nzima, Jumamosi nzima nilikuwa nimekaa nahesabu makosa ya wengine, na lile kopo la tano halikunijia hata mara moja.

Nikatoka vilevile, na nguo za ibada. Taksi-moto ikanifikisha Lubuye kwa binti yake, ambako Mama Hélène amehamia tangu ziwa lilipoingia nyumbani kwake. Alikuwa barazani, kwenye kiti, ameegemeza fimbo ukutani. Miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya beseni la maji.

"Ulipotea," akasema. "Keti tuonane."

"Mama, miguu imefanya nini?"

"Inawaka. Ule wa kushoto nilishaka kuzoea. Sasa na mwenziwe umeanza, sijui umemuiga." Akacheka, maana hata kiharusi hakikumwondolea mzaha. "Lakini sijakaa bure. Ile kinini yako nyekundu nimeongeza. Ulisema tatu, sasa nakunywa ine. Siku ikiwaka sana, tano."

Kopo jekundu lilikuwa dirishani, juu ya kitambaa alichokitarizi mwenyewe zamani, mikono yake ikiwa bado mizima.

"Tutupe hiyo, Mama. Ni mbaya. Docta amesema. Miye sikujua, lakini ni mbaya."

"Nitupe?" Alinitazama kama nimetukana kanisani. "Kitu uliniletea weye, na mikono yako, nikiwa kitandani? Watu waseme nakuona weye ni muchawi? Toka hapo. Nitamaliza yote."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kubomoa nyumba. Nilikuja nayo njia nzima juu ya pikipiki, nikiitafutia mtu. Edmond nilikuwa nimeshamtumia. Shangazi alikuwa ameomba Mungu. Muuguzi hakuwepo. Nilitazama huku na huku kwenye baraza lile na hapakuwa na mtu mwingine wa kuipokea, isipokuwa mimi niliyelileta kopo.

Nikapiga magoti. Nikautoa mguu wake wa kulia kwenye maji, ule ambao kiharusi hakikuugusa, nikaukausha kwa liputa langu, nikaupakata. Fundi hakosi pini. Yangu ilikuwa kwenye ukosi wa blauzi. Niliichomoa, nikaishika kwa vidole viwili, nikiitazama sana isianguke.

"Fumba macho, Mama. Utaniambia nikikugusa."

"Mambo ya docta haya," akasema, akafumba.

Nikaweka ncha kwenye kidole gumba chake. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, kama nilivyofanyiwa, mpaka ngozi ikaingia ndani na tone dogo la damu likachomoza.

Mama Hélène alikuwa ametulia kwenye kiti, macho yamefumba, anatabasamu, anangoja.

"Haya, mwanangu," akasema. "Anza basi."